Goli la Saa Kumi na Mbili

Watu wa Ziwani, mtaa wa Eastlands, walimwita Kisilu "Mlango", na usidhani ni kwa heshima. Mlango wenyewe ni ule wa choo cha mtaa, ambao komeo lake lilivunjika zamani na kila mwenye haja anausukuma tu akaingia. Kisilu alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa miraba minne, mpole, mwenye mikono mirefu ya kufaa kabisa kudaka mipira, ila mipira yenyewe haikuwa na habari hiyo. Aliidakia timu ya mtaa kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusimama golini na kutukanwa kila Jumapili.

Lakini tusimcheke sana. Kila binadamu ana kitu kimoja anachokitamani kabla hajafukiwa. Mmoja anataka ploti, mwingine anataka mtoto wa kiume. Kisilu alitaka kudaka mpira mmoja tu, mmoja wa kusimuliwa. Alitaka siku moja apite nje ya kinyozi na kusikia mtu akimwuliza mwenzake, "Unakumbuka ule mpira Kisilu alidaka?" Basi, hapo angeweza hata kustaafu. Mkewe Koki aliijua tamaa hiyo na akamwonea huruma kama unavyomwonea huruma mtu mwenye jino bovu: unampa pole, lakini humng'olei.

Mungu si Athumani. Nafasi ilikuja siku ya Madaraka, mwaka uliofuata ule wa njaa ya unga wa njano, kwenye fainali ya Kombe la Uzalendo kati ya Ziwani na mtaa wa Mowlem. Kombe hilo lilitolewa na Chifu Kiilu, mtu aliyeipenda nchi yake kwa sauti kubwa. Ziwani walikuwa wamelishinda mwaka uliotangulia, na kanuni ilikuwa kwamba bingwa akitoka sare anabaki na kombe lake. Kwa hiyo kazi ya Kisilu ilikuwa rahisi kueleza: asiruhusu kitu kuingia.

Sasa nivumilie kidogo nikueleze uwanja ulivyokaa, maana kesi nzima imo humo. Ulikuwa nyuma ya kambi ya chifu, upande wa Mowlem. Nyuma ya goli la Mowlem ulisimama mlingoti wa bendera, mrefu, umepakwa chokaa. Mbali kule upande wa pili, nyuma ya goli la Kisilu, palikuwa na ukuta wa ghala na mtaro wa maji machafu, na kwa sababu ya harufu hakuna mtazamaji aliyesimama huko. Wavu haukuwepo. Uliibwa zamani, na inasemekana ulikuwa ukifugia kuku wa mtu huko Dandora.

Na kila jioni saa kumi na mbili, askari wa kambi alipopuliza filimbi yake ndefu, kila kitu mahali pale kilisimama. Mwenye baiskeli alishuka. Mama aliyekuwa akikata sukuma wiki alibaki na kisu hewani. Mlevi alijishikiza ukutani, na wawili waliokuwa wakitukanana walibana matusi mdomoni mpaka filimbi ya pili. Wote waligeuza nyuso kwa bendera iliyokuwa ikiteremshwa, na hakuna aliyekohoa. Sheria yenyewe imeandikwa wapi, hakuna aliyejua. Lakini kila mtu alimjua mtu ambaye binamu yake alilala ndani kwa kujikuna sikio.

Mechi ilikuwa iishe mapema. Lakini Chifu Kiilu alihutubia kwanza, na hotuba yake ilihusu umuhimu wa kutunza wakati, nayo ikala saa nzima na zaidi. Kwa hiyo jua lilipokuwa likizama, mpira ulikuwa bado unachezwa, hakuna aliyefunga, matope yamejaa uwanjani, na refa Phares, karani wa reli, alikuwa akitazama saa yake kila mara kama anayengoja treni.

Hapo ndipo Okumu, mshambuliaji wa Mowlem mwenye mguu kama nyundo, alipopata nafasi mbele ya goli la Ziwani. Alipiga shuti la juu, zito, likielekea pembeni kabisa chini ya mwamba wa goli. Na mpira ulipotoka mguuni mwake, filimbi ndefu ya askari ikalia.

Uwanja mzima ukageuka. Okumu aligeuka na mguu ukiwa bado haujagusa chini. Refa akageuka, mabeki wakageuka, na watazamaji wote pembeni wakageuka. Mamia ya watu walisimama wima wakitazama bendera, na mamia ya visogo vilimtazama Kisilu. Yeye peke yake hakuhitaji kugeuka. Bendera ilikuwa mbele yake, na mpira ulikuwa kati yake na bendera.

Mpira haukusimama, kwa maana mpira hauna serikali. Kisilu aliuona ukija, akaiona bendera ikianza kushuka, na alijua vizuri sana mtu mwenye akili alipaswa kufanya nini. Lakini mwili wake haukumwomba ruhusa. Aliruka kushoto, akajinyoosha mpaka akasikia mbavu zikilia, akaukuta mpira kwa ncha za vidole. Mpira uligonga mwamba ukaanguka, naye akaanguka juu yake matopeni akaukumbatia. Kisha kwa haraka ya mtu aliyeamka kitandani mwa wenyewe, aliinuka, akaubana mpira kwapani, akasimama wima kama mlingoti.

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakageuka na kumkuta hivyo.

Kisha Ziwani wakalipuka kwa vigelegele, maana muda wa mechi ulikuwa umekwisha, na Okumu, ambaye hasira zake zilikuwa na miguu mirefu kuliko akili zake, akapiga kelele, "Huyo alisonga! Refa, huyo mse alisonga!"

Laiti angelimeza neno hilo. Chifu Kiilu alikuwa bado pale kwenye mlingoti, akimkaripia askari aliyekuwa akiteremsha bendera, Mbukusu mmoja mnyamavu aliyeitwa Nabiswa. Bendera ilikuwa imesimama katikati kwa muda kabla ya kuendelea kushuka, na kila mtu aliiona.

"Kwa nini imesimama nusu mlingoti?" chifu alikuwa akiuliza. "Tumefiwa na nani?"

"Kamba ilinasa, afande," Nabiswa alijibu.

Hapo neno la Okumu likafika. Chifu aligeuka polepole. "Nani alisonga?"

Kisilu alilala ndani ya kambi. Aliambiwa kwamba asubuhi kutakuwa na baraza, na ikithibitika kwamba alisonga bendera ikiteremshwa, atapelekwa mbele, mahakamani, kwa kosa la kuidharau. Watu wa kupelekwa mbele walikuwa hawarudi upesi, na lori la mchanga halikosi dereva.

Asubuhi Koki alimletea chai ndani ya chupa na viazi vitamu. Aliruhusiwa kusimama dirishani.

"Baba Nthambi, wanasema ulisonga."

Kisilu alisogea karibu na nondo za dirisha. Usiku kucha alikuwa amelala na kitu hicho kifuani, naye hakuwahi kumficha mkewe neno zuri. "Koki," alinong'ona, "nilidaka. Haki ya Mungu, nilidaka mpira ambao—"

"Usiniambie!" Koki aliziba masikio kabisa. "Mimi nilikuwa natazama bendera, kama mke mwenye akili. Nikijua, nitaulizwa."

"Lakini wewe ni mke wangu."

"Ndiyo sababu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye alikuwa amekasirika kwa sababu yalikuwa yamejaa. "Sikiza. Sema ulisimama tu. Sema ilikuwa goli. Funika kombe mwanaharamu apite, turudi nyumbani."

"Koki, sijawahi kudaka kitu maisha yangu yote."

"Najua, Baba Nthambi," alisema Koki kwa upole. "Kunywa chai."

Baraza lilifanyika pale pale uwanjani, chini ya bendera iliyokwisha kupandishwa. Ziwani walikaa upande mmoja, Mowlem upande mwingine, na kombe liliwekwa mezani mbele ya chifu. Kisilu alisimamishwa katikati, ubavu wote wa kushoto ukiwa umeganda matope. Lakini wachezaji wote walikuwa wameganda matope, na matope hayatoi ushahidi.

"Nani alimwona mtu huyu akisonga?" chifu aliuliza.

Okumu akainua mkono. "Mimi, mzee. Nilimwona na macho yangu. Aliruka kama nyani."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale mbele ya goli, mzee."

"Ukitazama wapi?"

Okumu alifungua kinywa. Ndipo alipoiona bendera ikipepea nyuma ya kichwa cha chifu, na kinywa kikabaki wazi.

"Bendera, mzee."

"Bendera iko huku. Goli liko kule. Shingo yako ni ya bundi?"

"Hapana, mzee."

"Basi ama hukuona, ama hukutazama bendera. Chagua moja."

"Sikuona, mzee. Nilisikia tu."

"Bendera inateremka, wewe unategea sikio mambo mengine?"

"Hata sikusikia, mzee. Nilidhani."

"Ulikuwa unadhani? Wakati wa bendera?"

"Hata kudhani sikudhani, mzee," alisema Okumu, jasho likimtoka asubuhi ile ya baridi, akaketi chini bila kuambiwa.

Baada ya hapo uwanja ulikuwa na upofu wa ajabu. Chifu aliuliza huku na huku, wazee kwa vijana, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba aliona bendera ikishuka, ikanasa katikati, ikashuka tena. Hakuna aliyeona kingine. Ungedhani watu wa Eastlands, ambao wanajua jirani amepika nini kabla hajafunua sufuria, wamezaliwa leo asubuhi. Kijana mmoja wa Ziwani akapata ujasiri akapaza sauti kutoka nyuma: "Kama hakuna aliyemwona akisonga, basi hakusonga! Tupewe kombe letu!"

"Ngoja," alisema refa Phares. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa ukimwuma. "Mzee, mimi niliuona mpira hewani kabla ya filimbi, na baada ya filimbi ya pili niliuona kwapani mwa kipa. Ya katikati siyajui. Ya katikati ni mali ya serikali. Lakini kama huyu hakusonga, mpira uliingia, na Mowlem wameshinda. Na kama haukuingia, huyu alisonga. Hayo mawili hayawezi kulala kitanda kimoja."

Watu wakalipima neno hilo. Ziwani walilielewa upesi. Ili kombe libaki kwao, Kisilu alipaswa tu kukiri na kwenda jela, jambo ambalo waliliona dogo. "Kaza, Mlango!" mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini. "Kaza, buda, tuko nyuma yako." Ni kweli walikuwa nyuma yake, mbali kabisa, na njia ya kukimbilia ilikuwa wazi.

"Kisilu," alisema chifu, "shahidi amebaki wewe mwenyewe. Ulisonga, au hukusonga?"

Kisilu alitazama mikono yake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vinauma, na maumivu hayo yalikuwa matamu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, la kweli, nalo lingemfanya asimuliwe Ziwani mpaka wajukuu. Angelisema mbele ya watu wote. Wangejua. Kisha akamwona Koki amemshika mtoto wao Nthambi mkono, na akajua kwamba ndani ya kuta za jela hakuna kinyozi wa kupita nje yake.

"Sikusonga, mzee," alisema. "Nilisimama wima nikatazama bendera. Mpira uliingia."

Mlio ukatoka upande wa Ziwani, kama wa watu waliokanyagwa kidole wote pamoja.

"Na ulifikaje mkononi?"

"Uligonga ukuta wa ghala, mzee. Ukarudi."

"Ukarudi wapi?"

"Kwapani, mzee."

Ulikuwa uongo ambao hata mtoto wa nasari angeutema, lakini watu wazima waliumeza bila maji. Refa aliinamisha kichwa. Okumu alitazama viatu vyake. Chifu Kiilu peke yake ndiye aliyefurahi, tena kwa moyo safi, maana aliamini.

"Mmesikia?" alinguruma akiinuka. "Mtu huyu aliacha goli liingie kuliko kuitikisa heshima ya taifa! Hata mpira ulimtambua, ukamrudia wenyewe! Huyu ndiye mzalendo! Pigeni makofi!"

Wakapiga. Mowlem walichukua kombe, wakalizungusha mtaani wakishangilia goli ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliona, na Okumu, mfungaji, alitembea nyuma kabisa kama mtu aliyelazimishwa kwenda harusi. Kisilu alipewa bendera ndogo ya mezani na heshima moja kubwa: kila jioni, akitoka kazini, apite kambini asimame mstari wa mbele bendera ikiteremshwa, wananchi wamtazame wajifunze.

Alirudi Ziwani akiwa huru, na hakukaribishwa na mtu. Jina la Mlango lilikufa siku hiyo hiyo. Sasa walimwita Sanamu. Watoto walipomwona walijibana mikono ubavuni na kusimama wima, macho mbele, mpaka apite. Kwenye timu aliwekwa kipa mwingine. Alipopita nje ya kinyozi walikuwa wakimsimulia, hilo nalo alilipata, ila walisimulia jinsi mpira ulivyopita karibu na sikio lake naye asipepese jicho. Kilichomwuma si matusi, matusi aliyazoea. Kilichomwuma ni kwamba alianza kutilia shaka. Vidole vilikwisha kupona. Koki hakutaka kusikia. Usiku alijiuliza kama kweli aliruka, au kama yale maneno ya barazani ndiyo yaliyotokea na haya mengine aliyaota, na akamlaani chifu, akajilaani mwenyewe, akaulaani na mlingoti.

Kila jioni alikwenda kusimama. Alisimama mbele, uso wake umekufa, na chifu akawaonyesha wageni: "Mnamwona? Hata nzi akimtua usoni, hatikisiki."

Jioni moja ya Julai, baridi kali, watu walitawanyika mara baada ya filimbi ya pili, wakakimbilia majiko yao. Nabiswa alibaki na bendera mikononi, na mwenzake wa filimbi alikuwa ameondoka pia.

"Ndugu, nisaidie kukunja," alimwambia Kisilu. "Mtu mmoja hawezi, itagusa chini."

Kisilu akashika ncha mbili. Walikunja kimya, wakikaribiana kila mkunjo, mpaka vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana juu ya kitambaa.

"Ile siku," alisema Nabiswa bila kuinua macho, "kamba haikunasa."

Kisilu hakuelewa.

"Wote hutakiwa kutazama bendera, wasisonge. Mimi peke yangu ndiye hutakiwa kusonga, na mtu akivuta kamba uso wake huelekea uwanjani. Nilikuwa navuta. Nikakuona. Mikono ikasahau kazi." Alilainisha mkunjo mmoja kwa kiganja. "Bwana, mimi nimetazama mpira tangu Kakamega. Sijaona kitu kama kile. Ulilala hewani. Yaani ulilala kama mtu aliye kitandani, miguu imepita usawa wa kichwa, na mkono wa kushoto, sijui uliutoa wapi, ulikuwa bado unarefuka."

Bendera ilianza kutikisika. Ni mikono ya Kisilu. Alilia bila sauti, mtu mzima, mbele ya kambi ya serikali, machozi yakidondokea kitambaa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukidondoshea kitu.

"Mkono wa kushoto," alisema.

"Wa kushoto. Vidole tu. Mpira ukagonga mwamba, ukakuangukia."

"Utamwambia mtu?"

"Nimwambie nani?" Nabiswa akacheka kwa huzuni. "Mimi niliteremsha bendera vizuri, kamba ikanasa. Ndivyo nilivyosema kwa mkubwa wangu."

Kisilu alipangusa uso kwa mkono wa koti. Akatazama kambini, akatazama barabarani, hakukuwa na mtu.

"Hebu anza tena," alisema. "Anzia pale filimbi ilipolia."

Tangu siku hiyo Kisilu hakukosa hata jioni moja, mvua ikinyesha au isinyeshe. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na bendera ilichukua muda mrefu sana kukunjwa. Chifu Kiilu alipowaita watu barazani aliwaambia wazi kwamba katika maisha yake ya utumishi hajaona raia anayeipenda bendera kama huyu.